Elimu ya Uchumi na Deni Lake kwa Elimu Nyingine

Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Hata hivyo, elimu ya uchumi imevaa nguo za wenzake tangu utoto wake. François Quesnay, aliyetunga jedwali lake mashuhuri la uchumi mwaka 1758, alikuwa tabibu wa mfalme wa Ufaransa, na wasomi wengi wameona katika jedwali hilo mfano wa mzunguko wa damu mwilini. Katika karne ya 19 waliomfuata walibisha hodi kwa wanafizikia, wakaazima mizani: bidhaa upande huu, mahitaji upande ule, na bei hutulia pande mbili zinapolingana.

Kuazima si aibu. Tunalohoji ni kama mwazimaji amechukua kitu kizima au jina lake tu.

Mfano ulio karibu nasi ni neno ujamaa. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliliazima kutoka katika ukoo, akalifanya msingi wa siasa na uchumi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likalitia nguvu. Twaona kwamba uazimaji huo ulikuwa wa haki, kwa maana ulikumbusha kuwa mali ni jambo la utu kabla ya kuwa jambo la hesabu. Lakini katika ukoo jembe la jirani huja shambani kwa kuitwa na kuitika. Kwaluguru, na kwingineko Handeni na Korogwe, mvua haina ahadi. Mkulima wa mahindi hapimi bei peke yake, bali huwaza pia ni nani atakayemgawia chakula shamba likikauka. Novemba 1973 ilipotangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, jina la ukoo lilibaki, hiari yake ikaachwa njiani.

Lugha yetu nayo ina la kufundisha. Neno uchumi limetokana na kuchuma, na mchumaji mwenye busara havunji tawi. Basi mwalimu aandikapo ubaoni “kukua kwa uchumi”, hana budi kuwauliza wanafunzi: neno hili kukua limeazimwa wapi? Mtoto akikua kichwa tu, viungo vikadumaa, mama yake hasemi kwamba mwanawe amekua. Humpeleka kwa mganga.