Nani Anaongoza Hadithi? Kadi za Masimulizi na Tamthilia ya Mufwankolo

Mchezo wa kadi uitwao For the Queen, uliotungwa na Alex Roberts na kutolewa mwaka 2019, huchezwa bila msimamizi. Wachezaji huchagua picha ya malkia, kisha kila mmoja kwa zamu hufunua kadi yenye swali juu ya uhusiano wake na malkia huyo. Majibu ndiyo yanayoijenga hadithi. Kadi inayofunga mchezo hutangaza kuwa malkia ameshambuliwa, na kila mmoja huulizwa kama atamtetea. Michezo ya aina hii husifiwa kwa kumwondoa bwana mezani. Makala haya yanalihoji dai hilo kwa kulilinganisha na tukio la Lubumbashi.

Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwa mjini humo, wakati jimbo likiitwa Shaba na nchi ikiitwa Zaire. Katika mlo wa kuku, firigisi ilipoletwa, alisikia msemo kwamba mamlaka huliwa mazima. Akaulizia maana yake, na kila aliyeulizwa akawa na lake. Waigizaji wa Kundi la Mufwankolo, lililobeba jina la jukwaani la kiongozi wake, wakaamua kuutungia mchezo. Hapakuwa na mswada. Walijadili msemo, wakapanga maonyesho, wakagawana nafasi, wakajaribu na kubishana tena. Maneno ya wahusika yalizaliwa katika uigizaji wenyewe, kwa Kiswahili cha Katanga. Hatimaye mchezo ulichezwa katika kijiji cha Kawama na kurekodiwa kwa ajili ya televisheni. Katika Power and Performance (1990) Fabian ametuwekea maandishi ya majadiliano hayo, nayo, kwa maoni yetu, yana thamani kuliko hata tamthilia iliyokamilika: ni nadra mhakiki wa fasihi simulizi kuiona hadithi kabla haijawa hadithi.

Msemo huo ulifanya kazi ya kadi. Lakini msemo hauulizi swali. Wasimulizi ndio walioutafutia swali lake. Kiongozi alikuwapo, ameketi miongoni mwa wenzake, na kiongozi anayeonekana anaweza kubishiwa. Katika For the Queen bwana hakuondoka. Amejificha ndani ya kadi. Kanuni zinaeleza tangu mwanzo kwamba malkia amewachagua wasafiri kwa sababu anajua wanampenda. Mchezaji anaweza kusimulia jinsi anavyompenda, au jinsi pendo lilivyochakaa. Kama lilikuwapo kamwe haulizwi. Ni kweli kanuni zinamruhusu kuipitisha kadi kwa mwenzake, hata kuiondoa kabisa. Lakini kulikataa swali si sawa na kuligeuza.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Katika Zaire ya Mobutu kila raia alikuwa mwanachama wa chama cha MPR tangu kuzaliwa. Pendo kwa mtawala lilikuwa limekwisha kuamuliwa, kama katika kadi. Katika hali hiyo, waigizaji walitumia siku kadhaa wakijadiliana mamlaka ni kitu gani, nani ayale, na kwa nini yasigawanywe. Waliyaweka yote kijijini, kwa mtemi na watu wake.

Mtu anaweza kusema kuwa picha ya malkia inaacha nafasi zaidi kuliko maswali. Tunakubali, na Lubumbashi ina ushahidi wake. Michoro ya Tshibumba Kanda Matulu, ambayo Fabian alichapisha 101 kati yake mwaka 1996 pamoja na masimulizi ya mchoraji, ni ya mkondo ulioitwa ukumbusho: picha za kutundikwa sebuleni ili ziibue mazungumzo. Patrice Lumumba akionekana ukutani, mgeni hapewi swali la kujibu. Huanza popote anapotaka, na mwenye nyumba humkatiza.

Kwa mwalimu atakayependa kulijaribu jambo hili darasani, tunapendekeza aondoe kadi za maswali, aandike misemo michache isiyo na maana moja, na awaache wanafunzi wabishane juu ya maana kabla ya yeyote kuanza kusimulia. Kipindi kimoja hakitatosha.