Kijaluba cha Kadi na Adabu ya Mlangoni



Wafanyabiashara na wenye vyeo huchukua mfukoni kijaluba kidogo cha kutilia kadi za jina. Wengine hupewa zawadi. Wengine hukitafuta cha madini ya fedha ili king'are kinapofunguliwa mbele za watu. Jambo laonekana dogo, lakini ndani yake mna adabu na mna hukumu. Yafaa tuyapime yote mawili.

Tuanze na kadi. Sahaba Jabir bin Abdallah (R.A.) alibisha mlango wa Mtume (S.A.W.). Alipoulizwa ni nani, alijibu kuwa ni yeye, bila ya kutaja jina, na Mtume hakulipenda jawabu hilo. Basi mwenye kujitambulisha kwa jina lake amefanya adabu njema, ajitambulishe kwa ulimi au kwa karatasi.

Ila limeingia kwengine. Katika karne ya 19 mabwana na mabibi wa Uingereza walizunguka majumbani na vijaluba vyao, kadi akapewa mtumishi mlangoni. Mwenye nyumba asipotaka kuonana na mtu, mtumishi hujibu kuwa hayupo, naye yumo ndani! Uongo ukawa ndio ungwana. Sisi Suratun-Nur yatutosha: mgeni aombe idhini na atoe salamu, na akiambiwa arudi, arudi bila kinyongo. Kama mgeni ameamrishwa kukubali kurudishwa, mwenye nyumba ana haja gani ya kusema uongo?

Sasa chombo chenyewe. Vijaluba vile vilifanywa kwa fedha, kwa gamba la kasa na kwa pembe za ndovu. Soko kuu la pembe katika Afrika Mashariki lilikuwa Unguja, na baadhi ya pembe zilitoka pande hizi: watu wa pwani walikuwa na kituo chao cha biashara Kafuro, katika Karagwe, magharibi ya hapa Nshambya. Kutoka huko mzigo ulikwenda pwani juu ya mabega ya wapagazi. Ndovu kafa, mpagazi kachoka, ili mtu apate pa kuwekea jina lake! Je, si israfu hiyo?

Ama hukumu, katika madhehebu yetu ya Imam Shafii chombo cha dhahabu au cha fedha ni haramu kutumiwa na mwanamume na mwanamke, hata kidude cha kutilia wanja. Mwanamke ameruhusiwa mapambo, lakini kijaluba ni chombo, si pambo. Aliyepewa cha fedha asikitumie. Na auze fedha yake, ajifae kwa thamani. Pembe ya ndovu kwetu ni najisi, na kuitumia katika kitu kikavu ni makuruhu. Wahanafi wameiona ni twahara. Lakini tangu mataifa yalipokubaliana mwaka 1989 kuzuia biashara ya pembe baina ya nchi na nchi, mnunuzi ana sababu nyingine ya kujiepusha. Ngozi iliyokwisha kutengenezwa ni twahara, isipokuwa ya nguruwe na ya mbwa. Muulize muuzaji, usione haya, kwani pochi za ngozi ya nguruwe zipo.

Wenyeji wetu Wahaya nao wana chombo chao kidogo cha ugeni. Buni huchemshwa pamoja na majani ya harufu nzuri, ikakaushwa, na mgeni akaletewa kidogo katika kijikapu atafune. Tazama tofauti: kijaluba chatangaza jina la aliyekuja, kijikapu chamkirimu.

Basi chukua kijaluba cha mti, cha bati au cha ngozi ya halali, wala hapana ubaya. Ila kadi isishike mahali pa mguu. Mgonjwa hazuriwi kwa kadi, wala mfiwa hapewi pole kwa kadi. Jabir alikwenda mwenyewe mlangoni, na lililompeleka lilikuwa deni la marehemu babake.

Wabillahi tawfiq.