Mzinga Haupigi Risasi: Uhakiki wa Istilahi za Luteka

Mwaka 2024 majeshi ya Tanzania, China na Msumbiji yalifanya luteka ya pamoja, nchi kavu na baharini. Majeshi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo yana luteka yao iitwayo Ushirikiano Imara. Jina hilo ni Kiswahili fasaha. Lakini istilahi zitumiwazo kueleza mazoezi ya namna hii, hasa yale ya mizinga, bado zinababaisha. Hapa tutazipima kwa sikio la mfugaji wa Bariadi, mkoani Simiyu, ambaye pengine siku moja atasomewa tangazo la kumwonya asichunge karibu na medani.

Kwanza ni "risasi hai". Hii ni tafsiri sisisi ya Kiingereza. Katika Kiswahili kinyume cha kilicho hai ni kilichokufa. Basi kombora lililoanguka likanyamaza, msikilizaji atalihesabu kuwa limekufa, na kumbe hilo ndilo la kuogopwa kuliko yote.

Pili ni "risasi za moto". Hii ni afadhali, kwani imekwisha kuzoeleka katika habari za bunduki. Lakini mzinga haupigi risasi. Hupiga kombora, ambalo hulipuka na kutawanya vipande. Aambiwaye risasi atajibanza nyuma ya mti, asijue kwamba hatari yaweza kumfika kutoka kilometa nyingi, asikomwona mpigaji.

Tatu ni "bomu". Maghala ya silaha yalipolipuka Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, kila kilichorukia makazi ya watu kiliitwa bomu. Neno hilo lilitosha kutia hofu, halikutosha kuelekeza.

Wako wanaolilaumu neno "mzinga" lenyewe kwa kuwa ni la nyuki pia, wakataka tutohoe la kigeni. Hatukubaliani nao. Vyote viwili ni vyombo virefu vyenye uwazi ndani, na muktadha hutenga maana. Hakuna arinaye asali katika mzinga wa vita.

Kosa kubwa zaidi limo katika sarufi. Matangazo husema "kombora lisilolipuka". Kwa Kiswahili maana yake ni kombora ambalo tabia yake ni kutolipuka, yaani salama! Lililokusudiwa ni "kombora ambalo halijalipuka": bado, na laweza kulipuka wakati wowote. Kiambishi -ja- ndicho kinachobeba onyo lote.

Twapendekeza, basi, "luteka ya mizinga kwa makombora halisi", ipambanuliwe na ile ya "makombora ya mazoezi". Na mfasiri asiliachie tangazo lake kabla ya kumsomea mtu asiyejua Kiingereza, akamwuliza: utafanya nini ukikiona kitu hiki malishoni? Jibu likiwa "nitakiokota", istilahi haijafaa, hata kama kamati imekwisha kuipitisha.