Mji Mkuu na Mwenda kwa Miguu

Mji uliojengwa kwa ramani twaweza kuusoma kama tusomavyo kitabu: kwanza tuulize mtungaji alikusudia nini, kisha tutazame kama kusudi lake limetimia. Hivyo ndivyo tulivyojaribu kuusoma mji wa Dodoma, tulipoitwa huko kwa siku kumi kusahihisha mitihani. Kabla ya hapo hatukupata kufika.

Kusudi lenyewe lajulikana. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kuuhamisha mji mkuu wa Tanzania kutoka Dar es Salaam, ulioko pwani, na kuupeleka Dodoma, katikati ya nchi, ili watu wa pande zote wawe karibu na serikali yao. Mwaka 1976 wataalamu wa Toronto, katika Kanada, walimaliza ramani yake. Nayo yastahili sifa, maana haikutaka majumba marefu ya fahari, wala haikumtanguliza mwenye motokaa. Ilimtanguliza mwenda kwa miguu, na baada yake mwenye baiskeli na abiria wa basi. Walakini kazi ilikwenda polepole miaka mingi, hata Rais John Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba serikali yote itahamia huko. Mwaka 2019 Mji wa Serikali ukafunguliwa Mtumba, upande wa mashariki, kwenye barabara iendayo Dar es Salaam.

Siku moja tulipopewa nafasi tulikwenda Mtumba pamoja na mwenzetu, mwalimu mzee, aliyekuwa na shauri la kiinua mgongo chake katika ofisi mojawapo. Tulishuka daladala barabarani, tukaingia kwa miguu. Njia ni pana, lami ni safi, na majengo yapendeza macho. Lakini toka jengo hata jengo ni mwendo; jua la Ugogo lilikuwa juu ya utosi, na miti tuliyoipita ilikuwa michanga, haikuweza kumfunika hata mtoto. Motokaa zilitupita moja moja, vioo vimefungwa. Mara tatu mzee wetu alisimama kupumzika, bahasha yake ameiweka kichwani iwe kivuli. Tulipofika alipokewa kwa adabu na shauri lake likasikizwa. Basi hatuna neno juu ya wenye ofisi. Neno letu ni juu ya njia.

Jioni tulitembea katika mji wa zamani, karibu na stesheni, sehemu iliyokua kwa sababu ya reli ya Wajerumani, miaka mingi kabla ya ramani ya Toronto. Huko maduka ya kale yana baraza mbele, na watu hupita toka kivuli hata kivuli, wakisalimiana. Mzee alitembea kuliko asubuhi, asiseme hata mara moja kwamba amechoka.

Hapo ndipo tulipoona kosa. Lile neno jema la mwaka 1976 tulilikuta limetimizwa zaidi mahali ambapo halikuandikwa, kuliko mahali palipojengwa kwa ajili ya serikali yenyewe.

Labda mwenyeji atatujibu kwamba mvua ya Dodoma ni haba, huanza Desemba na kukoma Aprili, na miti haikui upesi. Ni kweli, na haki yatutaka tuungoje mji ulio mchanga bado. Lakini mwarobaini huvumilia ukame, na baraza haihitaji mvua ili isimame.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi twasema kwa moyo huo, wala si kwa dharau. Serikali imesafiri kilometa zipatazo 450 kuwafuata watu wake. Isichoke katika hatua chache za mwisho, toka kituoni hata mlangoni.