Namna ya Kuipima Kofia ya Mkono

Kofia ya mkono, yaani kofia ya kitambaa cheupe cha pamba iliyotobolewa na kudariziwa kwa sindano bila cherehani, ni vazi linalofahamika vyema Rumonge, mji wa bandari ulioko kiasi cha kilomita 75 kusini mwa Bujumbura, kwenye mwambao ambako Uislamu na Kiswahili viliingia katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara waliotokea Ujiji kwa njia ya ziwa. Ufundi wenyewe ni wa pwani, hasa Unguja na Lamu, ambako kofia ya vito huhesabiwa miongoni mwa zilizo bora kabisa.

Anayetaka kuipima na aanze na tundu, si ua, kwa maana ua huvuta jicho upesi lakini huigwa kwa urahisi. Tundu la kazi nzuri hufunguliwa kwa kuzisukuma kando nyuzi za kitambaa kwa ncha ya sindano nene, bila kukata hata moja, kisha ukingo huzungushiwa mishono iliyobanana, na ndiyo maana hubaki duara hata baada ya kufuliwa mara nyingi. Kanuni hiyohiyo hutawala jali, kazi ya matundu katika darizi ya chikan ya Lucknow, India, ambako nyuzi hutenganishwa kwa sindano hadi kitambaa kikawa kama wavu, wala hakuna kilichochanwa. Darizi hiyo ilipewa mwaka 2008 alama ya kijiografia, yaani usajili unaolinda jina la bidhaa kwa eneo lake. Tundu la mashine aghalabu hukatwa, na nyuzi zilizokatwa huanza kuchomoza kofia ikishafuliwa mara chache. Kofia ikiinuliwa kwenye jua la ziwani, tofauti hiyo huonekana bila miwani.

Baada ya hapo kofia igeuzwe ndani nje. Mashine hutumia nyuzi mbili, wa juu na wa bobini, na ule wa bobini mara nyingi ni mwembamba zaidi, hivyo upande wa ndani huwa hafifu kuliko wa nje. Fundi wa mkono hutumia uzi mmoja na kuficha ncha zake baina ya matabaka mawili ya kitambaa. Penye mtihani mkubwa ni nyuma, pale ncha mbili za ukanda wa pembeni zinapokutana. Fundi anayehesabu huchora kwanza kwa penseli, akaugawa mzingo wa kichwa kwa idadi ya maua, na ua la mwisho likakutana na la kwanza likiwa zima; asiyehesabu huishia na nusu ua, akalisukumia chini ya mshono. Matundu kutofautiana kidogo si aibu. Yanayolingana kupita kiasi ndiyo ya kutiliwa shaka.

Kofia mpya ihukumiwe kwa tahadhari, kwani wanga mwingi huficha mishono iliyolegea, na iliyokwisha kufuliwa na kukaushwa juu ya faroma, kalibu ya kuizuia isinywee, husema ukweli zaidi. Bei nayo ni ushahidi: kazi hii hula wiki nyingi, basi inayouzwa kwa bei ya kofia ya mashine, huku muuzaji akiapa kuwa ni ya mkono, haina haja hata ya kugeuzwa.