Taa ya Nyuma Iliyofungwa Vizuri

Jioni ukitoka Mbagala Rangi Tatu kurudi Chamazi, macho yote yako kwenye taa nyekundu za gari lililotangulia. Daladala inasimama ghafla kushusha abiria, bodaboda anachomoka kushoto, na onyo pekee unalopata ni ile nyekundu kukolea. Ndiyo maana siipendi kauli ya kwamba kubadilisha globu ya nyuma ni kazi ya kupachika tu. Ni kazi ya nusu saa, unaifanya mwenyewe uani kwako kwa bisibisi ya nyota, lakini ina nzuri na mbaya, na tofauti haionekani siku ya kwanza. Siku ya kwanza zote zinawaka.

Usiende Kariakoo kwa maelezo ya mdomo. Nenda na ile iliyoungua, na kabla ya kuondoka ishike juani uisome. Kioo kikiwa cheusi kama kilichopigwa moshi, globu imemaliza umri wake. Kikiwa cheupe kama kimepakwa maziwa, hewa iliingia ndani. Kioo kilipata ufa au hakikuzibwa vizuri kiwandani. Kikiwa safi na uzi umekatika, fikiria mashimo ya barabara unayopita kila siku.

Magari mengi madogo tunayoletewa kutoka Japani hutumia globu moja yenye nyuzi mbili: wa wati 5 kwa taa ndogo, wa wati 21 kwa breki. Ziko za kitako cha chuma na ziko za kitako bapa cha kusukumiza, kwa hiyo fuata ya zamani. Globu nzuri ya kitako cha chuma imegongwa maandishi 12V 21/5W yakaingia kwenye chuma chenyewe. Wino unaofutika kwa kidole ni dalili mbaya. Igeuze. Chini utaona matone mawili ya risasi, nayo yawe ya mviringo na yalingane kimo. Tone lililobonyea haligusi soketi sawasawa, na taa itakuwa ya kuzimika kwenye tuta na kuwaka ukipiga bodi kofi. Nyuzi zisimame zimenyooka bila kulegea, na kioo kisicheze kwenye kitako hata kidogo. Nimewahi kununua jozi ya bei nusu ambayo kioo chake kilicheza kidogo tu, nikajiambia si kitu. Moja ilidumu wiki. Tazama na volti: ya 24 ni ya malori, na kwenye gari dogo itawaka kama kibatari.

Lakini globu ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi. Kazi yenyewe iko kwenye soketi. Hilo nilifundishwa na fundi kijana hapa Chamazi, chini ya mwembe, aliyeniuliza swali ambalo sijalisahau: "Shikamoo mzee. Nikuwekee globu, au nikutengenezee taa?" Alilegeza kwanza waya wa hasi wa betri. Akatoa taa nzima, akanionyesha ndani ya soketi: ukungu wa kijani juu ya vile vidole viwili vya shaba. Akakunja kipande cha msasa laini kikawa chembamba kama njiti, akasugua taratibu mpaka shaba ikang'aa, akapuliza vumbi, kisha kwa ncha ya bisibisi ndogo akainua kidole kimoja kilicholala, unene wa ukucha tu. Globu mpya ilipoingia ilisukumwa, ikazungushwa, ikakaza kwa mlio mdogo. Mkono ukihisi hivyo, kazi imeshika.

Baada ya hapo aligusa mpira wa kuzuia maji. Ulikuwa umebapa na kujaa mchanga. Huo ndio chanzo cha ukungu ule, kwa sababu masika ikifika maji hupita hapo hapo. Aliufuta akaurudisha. Fundi anayezungushia silikoni taa nzima badala ya kushughulikia mpira anakuachia taa isiyofunguka tena bila kuvunjika.

Sasa jaribu. Rudisha gari nyuma hadi karibu na ukuta giza likianza kuingia, washa taa ndogo, kanyaga breki, tazama kwenye kioo. Nyekundu iruke kutoka hafifu hadi kali, pande zote mbili sawa. Ukikanyaga breki na indiketa ikamemeteka nayo, waya wa hasi wa taa haushiki vizuri. Taa ikiwa kali muda wote na breki haiongezi kitu, mtu alilazimisha globu kinyume; vile vijiti viwili vya pembeni mwa kitako cha chuma havilingani kimo makusudi ili isiingie hivyo. Na kama dashibodi inawaka kila ukikanyaga breki, umewekewa globu ya uzi mmoja mahali pa nyuzi mbili.

Kuhusu LED, sizikatai. Uzi wa kawaida huchukua takriban sehemu ya tano ya sekunde kupata moto, LED huwaka papo hapo, na kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa muda huo ni karibu mita 3 za barabara, umbali unaomtosha bodaboda aliye nyuma yako. Ila chagua yenye mwanga mwekundu, maana nyeupe nyuma ya plastiki nyekundu hupauka. Na ikatae ile ambayo taa ndogo na breki zinafanana. Hiyo ni mbaya kuliko globu ya kawaida, hata iwe inang'aa kiasi gani.

Nunua mbili, ubadilishe pande zote siku hiyo hiyo. Ile ya zamani ambayo bado inawaka izungushie kitambaa uiweke kwenye droo ya dashibodi, siku moja usiku utaihitaji.