Ubao Ndani ya Glasi: Mwaloni Unapokoleza na Unapozidi

Mgeni anayeketi jioni kwenye hoteli ya kitalii ya Sasakwa, magharibi mwa Hifadhi ya Serengeti, akamiminiwa mvinyo mwekundu wa Afrika Kusini, huenda akanusa vanila, karafuu, hata kahawa iliyokaangwa. Hakuna aliyetia viungo hivyo. Harufu zimetoka kwenye ubao.

Ubao wenyewe ni wa mwaloni, mti ambao Waswahili wengi wameukuta kwenye Biblia tu, pale Abramu alipokaa penye mialoni ya Mamre. Lakini mfugaji wa Tarime au Mugumu hataona ajabu mti kuingia kwenye kinywaji. Jirani zake Wamasai husafisha kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha mzeituni mwitu, na Wakalenjin, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, hupaka mkaa wa mti maalumu ndani ya kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando. Mkaa ukiwa wa kiasi, maziwa hupata harufu tamu ya moshi. Ukizidi, mnywaji anakunywa mkaa.

Pipa la mvinyo linafuata kanuni hiyohiyo. Fundi hupasha mbao moto ili zipindike, kisha huendelea kuukaanga upande wa ndani juu ya makaa. Joto huuvunjavunja mti na kuzaa vanilini, ile ya vanila, na guayakoli, yenye harufu ya moshi. Hutoka pia eugenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake. Mwaloni wa Marekani una laktoni nyingi, ndiyo maana mvinyo wake hukumbusha nazi. Wa Ufaransa kwa kawaida huwa mpole zaidi wa harufu, ingawa una tanini nyingi, ile inayoleta ukakasi mdomoni kama chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi.

Kazi ya pili ya pipa haina harufu. Hewa hupenya kidogokidogo kwenye mbao na kulainisha tanini hiyo. Pipa la Bordeaux hubeba lita 225. Likishatumika mara tatu au nne, harufu yake nyingi huwa imekwisha, lakini hewa bado inapita. Kwa hiyo mtengenezaji mwenye akili hachagui mti tu. Anachagua pia umri wa pipa na ukubwa wake, kwa kuwa pipa dogo huugusisha kila lita ya mvinyo ubao mwingi zaidi kuliko pipa kubwa.

Miaka ya 1990 wengi waliisahau hesabu hiyo. Huko Burgundy, Ufaransa, mtengenezaji mvinyo Dominique Laurent alijulikana kwa kutoa mvinyo kwenye pipa jipya na kuuhamishia kwenye pipa jingine jipya, mtindo uliobandikwa jina la "asilimia 200".

Mfano ulio karibu na meza zetu ni wa shamba la Diemersfontein, Wellington, Afrika Kusini. Mwaka 2001 mtengenezaji mvinyo wake, Bertus Fourie, alitumia mbao za mwaloni zilizokaangwa sana pamoja na Pinotage, zabibu iliyozalishwa na Abraham Perold mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut. Matokeo yalikuwa mvinyo unaonukia kahawa na chokoleti. Watu waliununua kwa wingi, na mashamba mengine yakaiga. Njia ya kutia ubao kwenye mvinyo badala ya kutia mvinyo kwenye pipa ni nafuu mno. Umoja wa Ulaya nao uliruhusu vipande vya mwaloni mwaka 2006.

Je, ilifaa? Kwa Pinotage, ndiyo, kwa sababu tunda lake lina nguvu ya kusimama mbele ya moshi. Hasara ilikuja kwa waigaji: chupa za mashamba tofauti zikaanza kunukia kahawa ileile, na shamba likapotea ndani ya ubao.

Somo hilo linaigusa Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kampuni ya CETAWICO ya Hombolo imeleta mbegu za Italia, zikiwemo Aglianico, Teroldego na Marzemino. Hizi haziwezi kupimwa kwa kipimo kimoja. Aglianico ina tanini na uchachu wa kubeba pipa jipya. Marzemino ni nyepesi, pipa hilohilo litaifunika. Kwa Teroldego, mtengenezaji mvinyo Elisabetta Foradori wa Trentino, Italia, ameonyesha njia nyingine kwa kuichachusha kwenye mitungi ya udongo, isiyotia harufu yoyote ya mti.

Mnywaji anaweza kukagua mwenyewe mizani hiyo ya tunda na ubao. Chupa iliyokaa kaunta mchana kutwa huwa na joto linalopandisha kilevi puani na kuuvuruga mvinyo mzima, basi iwekwe kwanza kwenye friji hadi ifike nyuzi 16 hadi 18. Aonje, ameze, kisha asubiri. Tunda na ubao vikiondoka mdomoni pamoja, fundi alipima vizuri. Tunda likitangulia kuondoka na kuacha vanila na ukakasi mkavu wa mbao, pipa lilizidi, na bei kubwa ya chupa haitabadilisha hilo.